Msimu wa Tipperary umetujazia watoto klabuni, uwanja wenyewe hoi: tuanze na nini?

MamaTausi_Nenagh:

Habari zenu wapendwa, miye humu ni msomaji tu wa kimyakimya ila leo naomba mnisaidie mawazo. Tunaishi kaunti ya Tipperary hapa Ireland, upande wa kaskazini, kijiji kidogo si mbali na Nenagh, na watoto wangu wote wawili wako klabu ya parokia yetu ya GAA, kile chama cha michezo ya Kigaeli, wa kike anacheza camogie chini ya miaka 12, yaani hurling ya wanawake, mdogo wake hurling yenyewe, ule mchezo wa fimbo na kampira kadogo, na wale wadogo kabisa.

Hata mlio kaunti nyingine najua mlisikia kelele za mwaka huu wa 2025. Tipp, kaunti yetu, kubeba kombe la hurling la Ireland nzima nani alitegemea jamani, 2024 hawakushinda hata mechi moja ya mkoa wetu wa Munster, sare moja na vipigo vitatu wakarudi nyumbani. Mwaka huu wakaanza na sare na Limerick pale Thurles, wakaenda Cork wakachapwa vibaya mno, yule kijana Darragh McCarthy kala kadi nyekundu mpira hata haujarushwa, watu wakasema basi tena. Kumbe wapi, wakamfunga Clare kwake Ennis, wakamfunga Waterford, wakashika nafasi ya tatu kundini, halafu Laois, Galway, Kilkenny wote chini, mpaka fainali na Cork kwenye uwanja mkuu wa Croke Park, Dublin, tarehe 20 Julai. Mapumziko Cork wanaongoza kwa pointi sita mimi nikaanza kukusanya vyombo. Kipindi cha pili Cork wamepata pointi mbili tu, mbili! Ikaisha Tipp 3-27, Cork 1-18, na huyohuyo McCarthy kafunga 1-13, kipa Rhys Shelly kaokoa penalti na pointi kafunga pia. Kijiji hakikulala.

Sasa raha ile imetuletea kazi. Tangu Agosti kila mzazi anataka mwanae ashike fimbo, Jumamosi asubuhi watoto wamejaa mpaka makocha wanagawana vipande vya uwanja kwa koni. Na tulicho nacho ni uwanja mmoja, vyumba viwili vya kubadilishia nguo vya enzi za babu zao, choo ambacho sitaki hata kukielezea, taa hakuna, na goli la upande wa chini mvua ikipiga siku mbili maji yanatuama mpaka bata wanakuja. Na mnajua tangu ratiba igawanywe 2022, kaunti inamaliza Julai halafu ndiyo zamu ya klabu, kwa hiyo mechi zetu za maana zinaangukia Septemba Oktoba, giza linawahi na matope yameanza.

Nimetiwa kwenye kamati ya uwanja kwa sababu kazi yangu ni mahesabu, nadhani walitaka mtu wa kushika kalamu. Wazee wanataka jukwaa lenye paa. Makocha wanataka ukuta wa kupigia mpira. Sisi akina mama tunataka vyumba na vyoo. Benki kuna pesa lakini ya kitu kimoja, tena kidogo. Swali langu: kama kuna mtu humu kashawahi kukaa kwenye kamati ya hivi, ruzuku ya serikali inaombwaje na nyie mlianza na nini?

Mzee_wa_Shannon:

Dada karibu, hongereni kwa kombe ingawa miye ni wa Limerick na roho inauma. Hayo mnayoyaona sasa sisi tuliyapitia baada ya 2018, tulikuwa hatujabeba tangu 1973 halafu kombe likaja, na baadaye yakafuata manne mfululizo 2020 mpaka 2023, kila kijiji kikajaa watoto wenye helmeti za kijani. Wimbi hilo halingoji kamati imalize vikao, nakwambia mapema.

Ruzuku kubwa ni ule mpango wa Sports Capital wa serikali. Hauko wazi muda wote, unafunguliwa kwa awamu, na ukifunguliwa muda ni mfupi, kwa hiyo kazi yote inafanyika kabla haujafunguliwa. Klabu inajisajili kwenye mfumo wao wa intaneti unaoitwa OSCAR, fanyeni hilo wiki hii kama hamjafanya. Awamu iliyopita majibu yalitoka Novemba 2024, zaidi ya yuro milioni 200 ziligawanywa nchi nzima, na klabu ya kawaida kama yenu ukomo ulikuwa yuro laki mbili kwa ujenzi. Msije mkaota kupewa zote hizo, wengi wanapata pungufu ya walichoomba, kwa hiyo gawanyeni mradi wenu vipande ambavyo kila kimoja kinasimama chenyewe.

Cha kwanza kabisa ambacho watu hawakiangalii ni hati ya kiwanja. Viwanja vingi vya GAA vilitolewa na mkulima au padre miaka hiyo kwa kupeana mkono, au hati ipo lakini wadhamini walioandikwa wote wameshatangulia mbele za haki. Serikali haiweki pesa kwenye ardhi ambayo hamuwezi kuonyesha ni yenu au mna mkataba wa kupanga wa miaka mingi. Tafuteni wakili, muone kilichosajiliwa kule Tailte Éireann ambao ndio wenye daftari la ardhi tangu 2023, na wadhamini wapya waandikwe. Hilo peke yake linaweza kula miezi, wala usishangae likila mwaka.

Cha pili, GAA wenyewe wana utaratibu, huwezi kuanza kumwaga zege ukawaambia baadaye, mradi unapita bodi ya kaunti na baraza la mkoa, kwenu Munster. Cha tatu ni pesa yenu wenyewe, lazima muonyeshe taarifa ya benki kwamba mchango wa klabu upo, na jina kwenye akaunti lifanane na jina kwenye maombi. Nimeona klabu maombi yake yanarudi kwa vitu vya namna hiyo, hakuna aliyesoma hata wamepanga kujenga nini. Wewe mtu wa mahesabu hapo ndipo utawasaidia, wala si kwenye kuchagua rangi ya vigae.

Halafu jueni kwamba pesa yenyewe haiji mkononi siku ya kutangazwa. Inatoka kwa ankara, kazi ikifanyika. Kontrakta hakungoji, kwa hiyo katikati pale mnahitaji mkopo wa muda au akiba. Ruzuku ikiwa kubwa kuna karatasi nyingine wakili anaziandaa za kuifunga ile mali kwa serikali, hilo nalo lina siku zake.

NakuruBoy_Cork:

Mama Tausi ile nusu ya pili usiitaje tena humu aki, tuko watu wazima tunalia. Cork mara ya mwisho ni 2005! Tulishinda ligi, tukashinda Munster kwa penalti pale kwa kina Mzee wa Shannon, semi tukampiga Dublin mabao saba, halafu mnatufanyia vile. Sijarudi kuwa sawa.

Lakini niseme kitu mtakikataa. Mnakimbilia kujenga mapema sana. Mnajua Brother Colm O'Connell? Ni mtu wa hapa Cork, alienda Iten kule Kenya 1976 kufundisha shule ya St Patrick's, hakuwa na tartan hakuwa na jimu ya maana, na vijana aliowapitisha pale dunia nzima inawajua, David Rudisha mwenyewe aliyekimbia mita 800 kwa 1:40.91 London 2012 ni kijana wake. Murram na kocha anayejua kazi. Kwa hivyo mimi ningechukua hiyo pesa kidogo iko benki nisomeshe makocha kwanza, wazazi kumi wafanye kozi, wapitie ukaguzi wa polisi na ile semina ya usalama wa watoto maana bila hizo hawaruhusiwi kushika timu, halafu ndio muongee mambo ya simiti. Watoto wamejaa na kocha ni wawili, hata mkijenga Croke Park ndogo hapo kijijini itakuwa kelele tu.

FundiMifereji:

@NakuruBoy_Cork mkuu kwa mbio nakubali, mguu wa mtu unazoea barabara yoyote. Hurling hapana. Kampira kadogo kagumu kanaenda kasi, ardhi ikiwa na mashimo kanaruka usoni, mtoto wa miaka saba akigongwa mara mbili harudi tena. Helmeti ni lazima kwa wote tangu 2010 sawa, lakini vidole? Na kwenye matope hakapigiki, kanakwama, mnabaki mnasukumana tu.

Mimi nafanya kazi na kampuni ya viwanja hapa Midlands, hebu nimwambie dada kuhusu hilo goli lenye bata. Kabla hamjamuita mtu wa kuwauzia uwanja mpya wa mchanga mtembee wenyewe na koleo siku ya mvua. Angalieni mtaro wa pembeni kwanza, mara nyingi maji hayatoki kwa sababu mtaro umezibwa na vichaka au mkulima jirani kaufukia bila kujua, na hapo hata ukitandaza mabomba ya dhahabu maji hayana pa kwenda. Chimbeni mashimo mafupi sehemu tatu nne muone, kama juu pameshikana kwa kukanyagwa lakini chini udongo ni mzuri, tatizo lenu ni dogo: ile mashine ya misumari mirefu inayotoboa ardhi, halafu mchanga juu, mnarudia kila mwaka, mnapanda mbegu. Kama ni mfinyanzi mpaka chini basi ndiyo mabomba, na juu yake mitaro myembamba ya kokoto na mchanga ikikatiza.

Mjue ukubwa wa kitu mnachoongelea, uwanja wa GAA ni mita 130 mpaka 145 kwa urefu na 80 mpaka 90 kwa upana, huo wa soka unaingia ndani na nafasi inabaki. Kila kitu ukikizidisha kwa eneo hilo bei inaruka. Na mkiufumua wote, nyasi mpya zinahitaji muda kushika, mnaweza kukosa uwanja msimu mzima na zaidi, watoto wote hao mtawapeleka wapi? Ndiyo maana mimi napenda kufanya kwa awamu, robo ya chini hiyo kwanza.

Na kuna la bure kabisa ambalo makocha hawapendi kuambiwa. Acheni kuwafundishia watoto mbele ya goli kubwa kila siku. Nunueni magoli madogo ya kuhamishika, chezesheni kwa kukatiza uwanja, wiki hii huku wiki ijayo kule. Nyasi zinakufa kwa sababu miguu mia inakanyaga mita zilezile.

BintiPangani:

Mama Tausi mimi nasaidia timu ya wasichana kwenye klabu yetu hapa Kilkenny, na nimesoma majibu yote haya hakuna mwanaume aliyegusa vyumba na vyoo hata mmoja, nimecheka tu.

Ukweli ni kwamba vyumba viwili vilijengwa wakati ambao timu mbili za wanaume zinakutana Jumapili na basi. Sasa Jumamosi moja una wavulana saa tatu, camogie saa nne na nusu, mpira wa miguu wa Kigaeli wa wasichana jioni. Wasichana wanabadilisha nguo ndani ya gari. Wakifika miaka 13, 14 ndio wanaacha mchezo na watu wanasema aah wasichana hawana moyo, moyo wa wapi kama hakuna hata mlango unaofungika. Mwaka huu tumepigania hadi kaptula, Mei ilibidi mkutano maalumu wa camogie upige kura ndipo wachezaji wakaruhusiwa kuchagua kati ya kaptula na ile sketi, asilimia 98 wakasema ndiyo, sasa jiulize asilimia 98 walikuwa wanasubiri nini miaka yote.

Kwa upande wa pesa hapa pana faida yako, iseme kwenye kamati kwa lugha wanayoielewa. Camogie na mpira wa miguu wa wanawake ni vyama vyao, si GAA, ingawa mpango wa kuwaunganisha upo na lengo walilotaja ni 2027, Mary McAleese aliyekuwa rais ndiye anaongoza kazi hiyo. Serikali nayo inaangalia sana kama kituo kinatumiwa na wanawake na wanaume na kama mnashirikiana na vikundi vingine. Kwa hiyo kwenye maombi yenu msiandike "vyumba vya klabu", wekeni ratiba halisi ya wiki, timu gani saa ngapi, wasichana wangapi wamesajiliwa kwenye Foireann, ule mfumo wa intaneti wa kusajili wanachama, shule ya msingi inatumia siku gani. Mkiwa na makubaliano ya maandishi na camogie kuhusu nani anatumia uwanja lini ndio bora zaidi, maana bila karatasi wavulana wakiwa na mechi sisi tunaambiwa njooni kesho.

Usikubali vyumba viachwe vya mwisho. Sisi viliachwa.

MamaTausi_Nenagh:

Jamani asanteni, nimesoma nikiwa kazini nikajificha chooni kumalizia.

@Mzee_wa_Shannon hilo la hati limenitisha, nimempigia katibu kumuuliza wadhamini ni akina nani kanitajia majina manne, wawili nimeona makaburi yao. Wakili ameshatafutwa, ni mzazi wa hapahapa na ameahidi hatatuchaji sana.

@FundiMifereji tulitembea Jumapili na koleo kama ulivyosema. Mtaro umejaa miiba na matawi, sehemu moja kuna mpaka tairi la trekta. Sisemi ndiyo dawa ya yote lakini wanaume wamepanga kwenda kuusafisha, na hapo kamati haihitaji hata senti.

@BintiPangani nitatumia maneno yako kama yalivyo, hilo la mlango hasa.

Swali la nyongeza, hili la ukuta nilidhani ni anasa. Makocha wanasema klabu zote za maana wanao. Kuna ukweli?

MgeniAthlone:

Samahani wakuu naingilia, mimi nina miaka miwili tu nchi hii na sijaelewa vitu viwili. Hizo 3-27 zinasomwaje? Na kama uwanja ni mkubwa hivyo kwa nini msikodishe kwa timu za soka mpate hela, sisi Waswahili tuko wengi hapa tunatafuta uwanja wa Jumapili kila wiki.

Mzee_wa_Shannon:

@MgeniAthlone mpira ukiingia wavuni chini ya mwamba ni goli, lina thamani ya pointi tatu, ukipita juu ya mwamba kati ya nguzo ni pointi moja. 3-27 ni magoli matatu na pointi 27, jumla 36. Cork 1-18 ni 21. Tofauti 15, pole kwa NakuruBoy.

La soka ni gumu. Viwanja vya GAA ni kwa michezo ya Kigaeli, ni kanuni yao tangu zamani, hawa ni watu walioanzisha chama 1884 pale Hayes's Hotel Thurles ili michezo yao isimezwe na ya Waingereza. Croke Park yenyewe ilihitaji kura ya 2005 ndipo soka na raga zikaingia 2007 wakati Lansdowne Road, uwanja wa raga na soka wa Dublin, inajengwa upya. Klabu ya kijiji haiwezi kuamua tu peke yake ikupangishe. Ila mpeleke mtoto wako Jumamosi asubuhi, wadogo wote wanakaribishwa na hakuna anayeuliza umetoka wapi. Zak Moradi kazaliwa Iraq kambini, kafika Leitrim 2002 hajawahi kuona fimbo ya hurling, 2019 kabeba kombe la Lory Meagher, lile la hurling la kaunti za daraja la chini, na kaunti hiyohiyo. Na watu hawa hawalipwi mshahara, hata wale uliowaona Croke Park, Jumatatu wanarudi kazini.

FundiMifereji:

Dada ukuta si anasa, na nitakwambia kwa nini mimi mtu wa nyasi ndiye naupigia debe. Kila saa ambayo watoto wako ukutani hawako kwenye nyasi. Uwanja wenu hauwezi kupona kama kuanzia Novemba mpaka Februari kuna timu tano zinaukanyaga jioni, na hakuna bomba litakalookoa hilo. Ukuta wa zege wenye sakafu ya nyasi bandia na wavu kwa juu unafanya kazi mvua, baridi, matope, na mtoto anagusa mpira mara nyingi kwa robo saa kuliko mechi nzima, kulia kushoto, kudaka kupiga. Kwa hiyo mimi naona ukuta na mifereji ni kazi moja.

Halafu taa. Taa za uwanja mzima ni milingoti mirefu, kibali cha ujenzi cha halmashauri ya kaunti, majirani wanalalamikia mwanga madirishani, na wanaweza kuwataka mlete mtaalamu aangalie kama kuna popo kwenye miti ya pembeni. Usicheke, popo wanalindwa kisheria hapa na wamesimamisha miradi ya watu wenye pesa kuliko nyie. Taa za ukutani ni fupi na zinamulika kieneo kidogo, mzozo wake si mkubwa. Hata hivyo ulizeni halmashauri kabla, ukuta mrefu nao una sheria zake, na usiuweke karibu na nyumba ya mtu maana ule mlio wa mpira kwenye zege ta ta ta mpaka saa tatu usiku utawapa adui wa kudumu.

Na wale wazee wa jukwaa msiwavunje moyo, wao ndio wana pesa na ndio wanakuja kila mechi. Mkichimba mifereji mtatoa udongo mwingi, kuusomba kuupeleka nje ya kiwanja ni gharama. Ulundikeni upande wa magharibi, usawazishwe, upandwe nyasi, mna kilima cha kusimama watu na kinazuia upepo. Paa litakuja siku yake.

NakuruBoy_Cork:

Sawa hiyo ya kilima nimekubali, hiyo ni akili. Lakini makocha bado mnawaruka. Ukuta bila mtu wa kuonyesha mtoto ashike fimbo aje ni ukuta tu.

Na pesa za klabu mnazitoaje? Hapa kwetu ni lotto kila wiki, watu wananunua kwa simu, jackpot ikikua hata wa vijiji vingine wanaingia, hakikisha tu kibali kiko sawa. Harambee pia Wairish wanaielewa vizuri sana kushinda vile unadhani, hapa watu walinunua "mita ya uwanja" kila familia, jina likawekwa kwa ubao.

MamaTausi_Nenagh:

Makocha: wazazi saba wameandika majina ya kozi, na mume wangu yumo ingawa hajui hata upande wa kushika. Fimbo zenyewe sasa ni gharama, mti wa ash umepata ugonjwa nchi nzima na siku hizi tunaona mpaka za mianzi dukani, mwanangu mdogo anazivunja kama biskuti.

Nimeandika mpango nitaupeleka kwenye kikao. Mwaka huu hati, wadhamini, mtaro, magoli madogo, OSCAR. Ombi la kwanza la ruzuku liwe vyumba vya kubadilishia na vyoo pamoja na camogie, maana ndipo hoja yetu ina nguvu. Pesa yetu ya benki pamoja na harambee iende ukuta na taa zake, tusisubiri serikali. Mifereji ya robo ya chini ombi la pili. Jukwaa nimeliandika "kilima, awamu ya kwanza" ili wazee wasikie neno lao.

BintiPangani:

Hapo mama umenikuna! Ila angalia hesabu, pesa ya benki ukiimaliza kwenye ukuta, awamu ikifunguliwa mtaonyesha nini kama mchango wenu wa vyumba? Mzee wa Shannon alishasema taarifa ya benki.

Mzee_wa_Shannon:

Umeliona vizuri binti. Mama Tausi, tengeni fungu la vyumba kwenye akaunti yake na lisiguswe, ukuta uende kwa harambee peke yake hata kama utachelewa. Na kuna kitu wengi hawakitumii: mradi wa michezo ukikubaliwa na serikali kwa ajili ya nafuu ya kodi, mtu anayelipa kodi hapa akichangia yuro 250 au zaidi mchango huo unapata nafuu ya kodi, na nafuu hiyo inaweza kuja kwenu klabuni. Wapo watu wa kijiji walio Dublin na Marekani ambao baada ya Julai mifuko bado iko wazi, waandikieni kabla ya Krismasi. Pia uliza ofisi ya kwenu ya LEADER, ule mpango wa maendeleo ya vijijini, kuhusu njia ya kutembea kuzunguka uwanja, hao ni fungu lingine kabisa na wanapenda vitu ambavyo kijiji kizima kinatumia, bibi asiyejua hurling naye atapita pale jioni.

Nitumie rasimu ya ile ratiba ya wiki nikuangalizie, hapo ndipo maombi mengi yanapwaya.

MamaTausi_Nenagh:

Naituma leo usiku wakishalala. Fundi, ukipita Nenagh kwa kazi zako sema, kuna mtu kaleta bei ya mabomba na mimi sijui kama tunaibiwa.

FundiMifereji:

Niko upande huo wiki ijayo Jumatano. Mwambie alete michoro pamoja na bei, na aandike kina cha kokoto, hapo ndipo wanapopunjia.